Daktari na Siasa: Tumsikilize kwa Kipimo Gani?

Husemwa sana, tena kwa dharau, kwamba daktari akae na sindano zake, siasa awaachie wenyewe. Mtaalamu akifungua kinywa kuhusu kodi, mishahara au shule, hakosi wa kumkata kauli: hayo si ya maabara. Wako pia wa upande wa pili, ambao mtu akishakuwa profesa humsadiki kwa kila atamkalo, hata anapotabiri matokeo ya uchaguzi. Makundi yote mawili yanakosea, nami sioni anayetuonyesha kosa hilo waziwazi kuliko daktari Rudolf Virchow wa Berlin.

Februari 1848 serikali ya Prussia, ufalme wa Kijerumani, ilimtuma Virchow, kijana wa miaka 26, akachunguze mlipuko wa homa ya tifasi katika eneo lake la Silesia ya Juu. Mavuno yalikuwa yameharibika. Viazi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha kila siku cha wanavijiji, vilikuwa vimeoza, na watu wakawa wanakula majani ya klova na magugu. Aliingia katika vibanda vyao vya magogo akakuta familia nzima, pengine pamoja na ng'ombe wao, wamebanana karibu na jiko moja. Watu wale walisema Kipolandi. Maofisa na madaktari waliotumwa kwao wengi walisema Kijerumani. Mgonjwa hakuweza kueleza anaumwa wapi ila apatikane mkalimani.

Alikaa huko chini ya wiki tatu. Wizara ilingoja ripoti ya daktari kama ripoti za madaktari zilivyo: dawa gani, kiasi gani, karantini wapi. Ripoti iliyoifikia ilidai demokrasia kamili, elimu kwa wote, Kipolandi kitumike rasmi, barabara zijengwe, kilimo kiboreshwe, na mzigo wa kodi uhamishwe kutoka kwa maskini kwenda kwa wenye nacho. Wakubwa hawakufurahi. Machi ya mwaka ule ule alishiriki katika mapinduzi ya Berlin, na kabla ya mwaka 1849 kwisha alikuwa amekwisha banwa hadi akahamia Chuo Kikuu cha Würzburg.

Je, alitoka nje ya kazi yake? Hebu tuutazame ugonjwa wenyewe. Kwamba tifasi huenezwa na chawa wa mwilini haikujulikana hadi mwaka 1909, Charles Nicolle alipothibitisha jambo hilo mjini Tunis. Chawa huyo hutaga katika mishono ya nguo. Mtu mwenye nguo moja tu, asiye na kuni za kuchemshia maji, anayelala amebanana na wenzake kwa sababu ya baridi, ndiye hasa anayemfaa chawa. Virchow hakumjua mdudu. Aliyaona mazingira yanayomlisha. Ukimpa mtu huyo ardhi, mshahara, nguo ya pili na shule, umemwondolea chawa hata kama hujapata kumsikia. Nasema basi bila kusita: kwa daktari aliyeiona Silesia, kunyamaza kuhusu kodi kungekuwa ni kuficha nusu ya matokeo ya uchunguzi.

Lakini enyi wasomi, sikilizeni na upande wa pili wa habari hii, maana ndio tunaopenda kuuruka. Virchow hakuishia kutoa maoni akiwa amekaa kwenye kiti cha profesa. Mwaka 1859 alichaguliwa diwani wa Berlin, akabaki katika baraza la mji hadi alipofariki mwaka 1902. Aliingia bunge la Prussia, kisha Reichstag, bunge la Ujerumani nzima. Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, alikasirishwa na maneno yake mwaka 1865 hata akamtaka wapigane ana kwa ana kwa silaha, naye Virchow akakataa. (Kisa cha soseji yenye minyoo aliyoichagua iwe silaha ni chumvi ya wasimulizi, ingawa ni kweli alipigania nyama ya nguruwe ikaguliwe kwa hadubini.) Kwa miaka alikusanya hesabu za vifo ili kulishawishi baraza lijenge mifereji ya majitaka, na ujenzi ukaanza mwaka 1873 chini ya mhandisi James Hobrecht, uchafu ukisukumwa kwa pampu hadi mashambani nje ya mji. Hayo yalikuwa maoni ya mwanasayansi yaliyopigiwa kura, yaliyopingwa, yaliyotafutiwa fedha. Anayetaka tumsikilize katika siasa naye akubali kuhojiwa kama diwani anavyohojiwa.

Na tumhoji kweli. Ignaz Semmelweis alikwisha onyesha mjini Vienna, mwaka 1847, kwamba waganga wakinawa mikono kwa maji ya chokaa ya klorini, vifo vya wazazi kwa homa ya uzazi hupungua sana. Virchow, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko daktari yeyote wa Ujerumani, hakumwunga mkono. Robert Koch alipotangaza kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882, akamtilia shaka. Alipinga chuki dhidi ya Wayahudi, jambo la kumsifu, lakini pia alijaza makabati ya Berlin mafuvu ya watu yaliyoletwa na wasafiri kutoka nchi za mbali, na wenyewe hawakuulizwa. Jina lake lilikuwa lile lile siku zote. Kilichobadilika ni kwamba pengine alikwenda kuona na kuhesabu, na pengine alitosheka na cheo chake.

Januari 1873, katika bunge la Prussia, ndiye aliyeipa jina la Kulturkampf, yaani vita ya utamaduni, vita ya serikali dhidi ya Kanisa Katoliki, naye akaiunga mkono. Vita hiyo iliwaangukia pia Wapolandi Wakatoliki wa Silesia ya Juu, wale wale ambao lugha yao aliitetea alipokuwa na miaka 26. Safari hii hakuna aliyemtuma akaingie vibandani mwao kuwauliza, wala yeye hakuomba kutumwa.