Mtoto Mwenye Moyo Mgonjwa, na Mkosaji Tunayemtafuta Bure



Katika jumuiya hai moja ya parokia yetu alizaliwa mtoto wa kike ambaye, tangu majuma yake ya kwanza, alikuwa akinyonya kidogo na kuliachia ziwa kwa uchovu. Kila alipolia, midomo na ulimi wake viligeuka rangi ya buluu. Kabla mtu yeyote hajauliza njia ya kwenda hospitali, ukweni kwa mama yake kulikuwa kumekwisha kuulizwa swali lingine: huyu mwanamke amefanya nini? Wengine walisema alivunja mwiko wakati wa mimba. Wengine walimnyoshea kidole shangazi mjane, kwamba ndiye aliyemroga mtoto. Mama akarudishwa kwa wazazi wake, mtoto mgongoni. Miezi minne ikapita katika vikao vya ukoo na mikesha ya maombi. Siku muuguzi alipoweka chombo chake juu ya kifua cha yule mtoto, alisikia kwa dakika moja jambo ambalo sisi sote hatukulitafuta kwa miezi minne: mvumo wa damu inayopita mahali pasipo njia yake.

Mtoto yu hai, anangoja kupasuliwa. Lakini ile miezi minne hainitoki moyoni. Nataka kusema nanyi jambo moja tu: swali la «nani alikosa?» halina jibu la kweli juu ya moyo wa mtoto huyu, na kila siku tunayoitumia kulijibu tunamnyang'anya mtoto siku yake.

Tuanze pale moyo wenyewe unapoanza. Katika juma la tatu baada ya mimba kutungwa, mtoto hajafikia hata ukubwa wa punje ya mchele. Seli fulani hupokea ishara za kikemikali kutoka kwa seli jirani, na ishara hizo huamsha jeni zinazoziamuru kuwa seli za moyo. Seli hizo hupangana, hufanya mirija miwili myembamba, na mirija hiyo huungana kuwa mmoja. Siku ya 22 au 23 mrija huo huanza kudunda. Hesabuni wenyewe: siku hiyo mama amechelewa kuona siku zake kwa muda wa juma moja hivi. Wanawake wengi hawajajua bado kwamba ni wajawazito, na tayari moyo unapiga ndani yao.

Kisha mrija unajipinda kuelekea kulia, mfano wa utambi unaokunjwa, ili sehemu zitakazokuwa vyumba vya juu na vya chini zipate mahali pake. Seli za utando wa ndani zinaacha makao yao, zinaingia katikati na kujenga mito midogo ambayo itakuwa vali na sehemu ya kuta. Seli nyingine zinasafiri kutoka mgongoni, karibu na pale ubongo unapojengwa, mpaka kwenye mlango wa kutokea damu. Huko zinasaidia kuugawa mshipa mmoja mkubwa kuwa miwili, mmoja wa kwenda mwilini na mwingine wa kwenda mapafuni. Mwaka 1983 Margaret Kirby na wenzake huko Marekani walionyesha jambo hilo kwa mayai ya kuku: walipoziondoa seli hizo mapema, mshipa ulibaki mmoja bila kugawanyika. Mwisho wa juma la nane, kazi kubwa ya kuujenga moyo imekwisha.

Kazi ya namna hii ina hatua nyingi, na kila hatua inategemea iliyotangulia. Ukuta ukikosa kufika mwisho, tundu linabaki kati ya vyumba. Mshipa ukigawanywa vibaya, njia ya mapafu inakuwa nyembamba. Ndiyo maana kasoro za moyo ni nyingi kuliko kasoro nyingine kubwa za kuzaliwa nazo: karibu mtoto 1 kati ya kila 100 wanaozaliwa hai, Afrika kama Ulaya, kwa tajiri kama kwa maskini. Kama huo ungekuwa uchawi, basi ni uchawi usiobagua taifa wala kabila, na unaorudi kwa kipimo kile kile kila mwaka. Akili timamu inakataa.

Lakini sababu ni nini? Wataalamu wamezipata baadhi. Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba nzi mdogo wa matunda akikosa jeni moja, hapati moyo kabisa. Mwaka 1998 watafiti walikuta kwamba jeni ya binadamu iliyo ya ukoo mmoja na ile, inayoitwa NKX2-5, ilikuwa na hitilafu katika familia ambazo watoto walizaliwa na tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo. Tangu mwaka 1959 tunajua kwamba watu wenye ugonjwa wa Down wana kromosomu moja ya ziada, ya 21, na karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Katika watoto wengi, hata hivyo, daktari hapati sababu moja ya kuitaja. Jeni nyingi huchangia, kila moja kidogo. Tena mtoto hupokea nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama, na mara nyingine hitilafu ni mpya kabisa, haikuwamo kwa yeyote kati yao. Kwa hiyo mume anayemfukuza mkewe kwa ajili ya moyo wa mtoto anamhukumu bila shahidi, tena katika kesi ambayo naye angeweza kuitwa.

Najua mtu ataniuliza: kama hakuna mkosaji, je, hakuna la kuzuia? Lipo, na hapa lazima tutofautishe kulaumu na kutunza. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aligundua kwamba akina mama waliougua rubela mwanzoni mwa mimba walizaa watoto wenye macho yaliyoziba, na wengi wao wakiwa na moyo wenye kasoro. Leo rubela ina chanjo. Kisukari kisichotunzwa kabla ya mimba huongeza hatari. Pombe ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Baadhi ya dawa, zikiwamo dawa fulani za kifafa, zahitaji kubadilishwa na daktari kabla ya mimba, wala mgonjwa asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Kumbukeni ile siku ya 22: ushauri unaomfikia mama katika mwezi wa tano umechelewa kwa upande wa moyo. Unapaswa kuwafikia wasichana na wavulana mapema, yaani ninyi mnaosoma maneno haya. Lakini maarifa haya tumepewa ili tumlinde mtoto ajaye. Kuyageuza kuwa fimbo ya kumpigia mama ambaye mtoto wake amekwisha kuzaliwa ni kuyatumia vibaya.

Wengine wataniambia: wamkataza mtu kuomba? Hapana. Katika Injili ya Yoane wanafunzi walimwuliza Yezu habari za mtu aliyezaliwa kipofu, kama ni yeye aliyekosa au ni wazazi wake. Yezu hakukubali lolote kati ya hayo mawili. Alimshughulikia yule mtu, na akamwona. Sala inayofuatana na safari ya hospitali ni njema. Sala inayowekwa mahali pa safari hiyo, na inayokwisha kwa kumtaja mjane kuwa mchawi, inamwongezea jeraha mtu wa pili bila kumponya wa kwanza.

Tena angalieni matunda ya wale walioliuliza swali lingine. Huko Baltimore, katika miaka ya 1940, Helen Taussig alikuwa daktari wa watoto aliyepoteza uwezo wa kusikia. Akajifunza kuyatambua mapigo ya moyo kwa vidole vyake. Watoto wa rangi ya buluu walikuwa wakifa mikononi mwa madaktari. Aliona kwamba baadhi yao huzidiwa pale mshipa mdogo wanaozaliwa nao, unaopeleka damu mapafuni kwa njia ya kando, unapojifunga. Akauliza: je, hatuwezi kuwatengenezea mshipa mwingine? Mpasuaji Alfred Blalock alilikubali swali hilo. Kazi kubwa ya kutafuta namna ya kuushona ilifanywa na Vivien Thomas, Mmarekani mweusi, fundi wa maabara ambaye hakupata uwezo wa kusomea udaktari. Tarehe 29 Novemba 1944 mtoto wa kwanza alipasuliwa, Thomas akisimama nyuma ya Blalock kumwelekeza. Njia hiyo iliokoa maelfu ya watoto. Hawakumtafuta mkosaji, waliitafuta njia ya damu.

Kwetu wapasuaji wa moyo ni wachache mno, na familia nyingi hulazimika kutafuta msaada nje ya nchi. Hiyo ndiyo sababu ya kutopoteza hata mwezi mmoja. Kikundi cha vijana hakiwezi kupasua moyo, lakini kinaweza kujua dalili na kuzifundisha nyumba kwa nyumba: mtoto anayehema haraka akiwa ametulia, anayetoka jasho na kuchoka anaponyonya, asiyeongezeka uzito, na yule ambaye midomo na ulimi wake ni buluu. Huyu wa mwisho asingoje kesho. Kinaweza kuchanga nauli, na kumsindikiza mama ambaye hajawahi kuingia hospitali ya mjini. Na kinaweza kusimama katika kikao cha ukoo, kwa heshima mbele ya wazee, na kusema: huyu mama hakukosa.

Neno hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linasemwa mbele ya watu tunaowaheshimu. Mama niliyewaambia habari zake alilingoja kwa miezi minne. Hakuna hata mmoja wetu aliyelisema, na mimi nilikuwamo.