Anga Iliyokodishwa

Vijana wetu wa Kolwezi siku hizi husikia habari za ndege za vita zirukazo pasipo rubani. Tarehe 5 Machi 2019 Wamarekani walirusha kwa mara ya kwanza ndege ya namna hiyo, iitwayo XQ-58A Valkyrie, katika jimbo la Arizona. Tarehe 27 Februari 2021 nyingine, iitwayo MQ-28, ilirushwa huko Woomera, Australia. Husema mwanafunzi: “Hayo ni mambo ya mbali.” Sivyo. Katanga yetu ilipata kuwa uwanja wa kujaribia vyombo virukavyo bila mtu ndani, na habari ile yafaa ikumbukwe.

Mwezi wa Desemba 1975 serikali ya Rais Mobutu ilifanya mapatano na kampuni ya Ujerumani ya Magharibi iitwayo OTRAG, iliyoongozwa na mhandisi Lutz Kayser. Kampuni ilikodishwa nchi ya upana wa kilomita za mraba 100,000 hivi, hata mwaka 2000. Ubelgiji yote yaweza kuingia humo mara tatu, na Jimbo letu la Lualaba la leo si kubwa sana kuipita. Uwanja wenyewe ulijengwa juu ya genge kali, juu ya bonde la mto Luvua, ule utokao Ziwa Mweru na kukutana na Lualaba yetu huko Ankoro.

Kayser alisema kuwa nia yake ni kurusha setilaiti kwa bei nafuu. Hakutaka roketi moja kubwa ya gharama nyingi, bali mabomba membamba ya chuma, yote ya namna moja, yakifungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Roketi ya kwanza, yenye mabomba manne, iliruka mwezi wa Mei 1977.

Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978. Wazee wa Kolwezi, itazameni vema tarehe hiyo! Siku saba kabla yake wapiganaji waliotoka Angola walikuwa wameuteka mji wetu, na tarehe 19 askari wa Ufaransa walishuka kwa miavuli. Waafrika na Wazungu kwa mamia walipoteza maisha siku zile. Basi, watu wa Kolwezi walipokuwa wangali wakijificha na kutafuta maiti za ndugu zao, kilomita zaidi ya 400 kaskazini-mashariki wataalamu walikuwa wakihesabu dakika za kurusha chombo chao. Tarehe 5 Juni Mobutu mwenyewe alikwenda kuitazama ya tatu. Iliinuka, ikapinduka, ikaanguka mbele ya macho yake.

Wakati huo maneno yalikuwa yameenea duniani. Warusi walidai kuwa Wajerumani wanajaribu silaha kwa siri, hata makombora yenye mabawa, yaani ndege za kuua zisizo na rubani. Waliokuwa na hofu walikumbusha kwamba Kurt Debus, mwenyekiti wa kampuni, alipata kufanya kazi katika roketi za V-2 za Ujerumani wakati wa vita ya pili ya dunia. Kampuni ilikana sikuzote. Lakini ugumu wenyewe ni huu: chombo kiwezacho kuchukua setilaiti chaweza pia kuchukua bomu, na mkulima aliye bondeni, akiinua macho, hawezi kutambua tofauti. Mwaka 1979, kwa kusukumwa na mataifa, Mobutu alivunja mapatano. Kampuni ikahamia Libya.

Kosa, kwa maoni yetu, halikuwa elimu. Elimu ni njema, nasi twatamani watoto wa Lualaba wawe wahandisi. Kosa lilikuwa kwamba nchi na anga yake vilikodishwa pasipo wakazi wake kuulizwa. Wenye kujaribu vyombo vya hatari hutafuta mahali wanapopaita patupu. Woomera nayo iliitwa hivyo, ingawa ni nchi ya kale ya Wakokatha. Kweli ni kwamba si patupu. Ni mahali ambapo sauti ya wenyeji haifiki mjini.

Nasi wa Lualaba tungali ndani ya jambo hili. Kongo yatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa yatoka katika machimbo yetu. Madini hayo huingia katika betri, na katika vyuma vya injini za ndege vinavyostahimili moto mkali. Mtu akichimba Kolwezi, kazi ya mikono yake yaweza kuruka juu ya vijiji vya watu asiowajua.

Kwa hiyo wazazi na wanafunzi wajizoeze kuuliza maswali matatu kila mgeni ajapo na karatasi. Chombo hiki ni cha kazi gani? Kikianguka, kitaangukia nani? Na nani alitia sahihi kwa niaba yetu? Aulizaye hivyo si adui wa maendeleo. Mwenye shamba huuliza kabla ya jembe la mgeni kuingia, si baada ya mavuno kuondoka.