KUPIMA DAMU: TUKATAE AO TUKUBALI?



Siku hizi katika masomo yetu hapa Kasomeno kuko mabishano. Yalianza katika somo la bioloji, wakati tulipofikia mambo ya AA, AS na SS, na sasa yamefika mpaka kwenye bomba la maji. Neno lenyewe ni hili: wachunguzi wakitoka Lubumbashi ao Bulaya, wakaomba damu ya watu juu ya kuchunguza magonjwa tunayopokea kwa wazazi, tuwape ao tuwakatalie? Wamoja wanasema: «Banakuya kukamata damu ya batu, banaenda kuuzisha ku Bulaya!» Wengine wanajibu kwamba hayo ni mawazo ya watu wasiosoma, na kwamba mwanafunzi anapashwa kunyoosha mukono tu bila maneno.

Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimekosea. Mawazo yetu ni haya: tukubali, lakini kwanza tuketi pamoja, tuulize, tujibiwe, na majibu ya damu yarudi kwetu. Mutu ambaye hakuelezwa kitu hakukubali, hata kama alinyoosha mukono.

Kwanza tusicheke wazee. Katika Katanga ya wakati wa Wabelgiji, watu walisimuliana habari za batumbula, ambao walisemwa kwamba wanakamata wenzao usiku na kuwapeleka kwa Wazungu. Hatusemi kwamba habari hizo zilikuwa za kweli. Lakini woga haukosi mizizi. Bonde hili la Luapula lilikuwa eneo la malale. Katika kazi ya kupiganisha ugonjwa huo, timu za uganga za serikali ya koloni ziliita watu wa kijiji kizima, wakapangwa kwa mustari, wakaguswa shingo, wengine wakachomwa sindano katika mugongo. Wagonjwa walitengwa mbali na jamaa zao. Dawa za kwanza ziliponyesha wengi, lakini wamoja zilipofusha macho. Hakuna aliyeuliza watu kama wanataka. Mutoto wa mutoto wao akiogopa sindano leo, tusimuite mujinga. Anakumbuka.

Sasa tuangalie upande wa pili. Ugonjwa wa malale ule ule umechunguzwa tena katika miaka ya 2010 na wachunguzi wa inchi mbalimbali za Afrika, pamoja na Kongo yetu, katika kazi inayoitwa TrypanoGEN. Walitaka kujua juu ya nini watu wawili wanaumwa na mbungo mumoja, lakini mumoja anagonjwa sana na mwingine hapana. Safari hii mutu aliombwa ruhusa kabla ya kutoa damu. Ugonjwa ni ule ule, damu ni ile ile, lakini namna ya kuingia kwa watu imebadilika.

Tuseme tena juu ya drepanositozi, ule ugonjwa watu wanauita SS. Mwaka 2009 Munganga Léon Tshilolo na wenzake walitangaza kazi yao ya Kinshasa: walipima watoto wachanga 31.204. Katika kila watoto 1.000, karibu 14 walikuwa SS, na karibu 169 walikuwa AS, maana yake wana alama lakini hawagonjwi. Ukitazama klasi ya wanafunzi 50, inaweza kuwa na wanane wenye AS, wasiojijua. Hakuna haya katika jambo hili. Tangu mwaka 1954 munganga Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi katika Kenya na Uganda, alionyesha kwamba mwenye AS anakingwa zaidi na malaria kali. Ndiyo maana alama hii imebaki nyingi katika inchi zetu za umbu.

Je, kutoa damu kulileta faida gani? Tunajibu: kazi inayoitwa REACH. Ilifanywa Kinshasa, Kilifi katika Kenya, Mbale katika Uganda, na Luanda katika Angola. Watoto 606 wenye SS walipewa dawa ya hidroksiurea. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: maumivu yalipunguka, malaria ilipunguka, kuongezewa damu kulipunguka, na vifo pia vilipunguka. Kabla ya kazi ile, wengi walifikiri dawa hii inaweza kuwa hatari kwa watoto wa inchi za malaria. Kama wazazi wale wote wangekataa, hata leo tungekuwa paka katika kufikiri.

Kwetu Haut-Katanga neno hili linagusa madini pia. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Univerisite ya Lubumbashi, pamoja na Profesa Benoit Nemery wa Leuven katika Ubelgiji na wenzao, walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaokaa karibu na migodi ya Katanga wako na kobalti nyingi katika mukojo. Mwaka 2018 walitangaza habari za Kasulo, katika muji wa Kolwezi: kwa watoto waliona hata alama za ADN kuharibiwa. Mwaka 2020 ilitoka kazi nyingine, ya Lubumbashi, juu ya watoto 138 waliozaliwa na kilema na watoto 108 wasio na kilema. Ilionekana kwamba baba mwenye kazi ya mugodi alipatikana zaidi kwa wale waliozaliwa na kilema. Kama mama wale wasingekubali, tungekuwa na maneno ya midomo tu, na maneno ya midomo hayawezi kusimama mbele ya mwenye mugodi.

Lakini kazi hizo tatu zilichapishwa kwa Kiingereza. Ndipo sisi tunauliza: mama wa Kasulo anasoma wapi? Damu na mukojo vinasafiri upesi kwa ndege. Majibu nayo yasafiri kurudi, kwa luga ambayo mama anasema na watoto wake. Wazee wanasema: mugeni njoo, mwenyeji apone. Mugeni akija na mwenyeji asipone wala asijue, kuja kwake kulikuwa kwa faida ya nani?

Kuko watu wanaofikiri kwamba hayo yote hayawezekani, eti watu wa kijiji hawawezi kuelewa mambo ya jeni. Hapo tunakataa kabisa. Mama anayechagua mbegu za mahindi anajua kwamba muhindi mweupe ukipandwa karibu na wa manjano, masuke yatatoka na punje zilizochanganyika. Tuchukue mifuko miwili, moja ya baba na moja ya mama, katika kila mufuko tutie haragi moja nyeupe na moja nyekundu. Mutoto achukue haragi moja kwa kila mufuko, bila kutazama. Arudishe, achukue tena, mara nyingi. Kila mutu ataona: katika mara 4, karibu mara 1 zinatoka nyekundu mbili. Huyo ndiye SS. Ataona pia kwamba nyekundu moja ilitoka kwa mama na nyingine ilitoka kwa baba. Haikutoka kwa mulozi, wala kwa bibi anayekaa nyuma ya nyumba.

Neno hili si muchezo. Katika vijiji na katika miji yetu, mutoto mwenye SS anaitwa mulozi, na mama yake anafukuzwa: «Mu jamaa yetu hii bugonjwa haiko!» Kumbe baba alitoa nusu. Tena, mwanafunzi mwenye macho ya manjano anatengwa kwenye meza: «Usikae naye.» Basi mutu akileta majibu ya damu vibaya, kwa kuyasoma mbele ya watu, anaweza kuvunja nyumba kwa siku moja.

Wa Kilifi walifikiri sana juu ya hatari hiyo. Kule kuko kituo kikubwa cha uchunguzi, KEMRI-Wellcome, na watu wa mahali wanachagua wajumbe wao wa kuketi na wachunguzi. Mwanamuke muchunguzi Vicki Marsh na wenzake hawakujifungia katika ofisi. Waliuliza wenyeji wenyewe: tukipata kwamba mutoto ana SS ao AS, tuseme namna gani, kwa nani? Na kama damu inaonyesha kwamba baba wa nyumba siye aliyezaa, tufanye nini? Waliyatangaza mashauri hayo mwaka 2013. Munaona? Swali gumu kama hilo halimo katika kitabu cha bioloji. Linajulikana na wenye kukaa katika nyumba zile. Na katika Afrika ya Kusini Wasan walipita mbele zaidi: mwaka 2017 waliandika wenyewe sheria zao za kufuatwa na kila muchunguzi anayefika kwao, ya kwanza ikiwa heshima.

Hata Maandiko yanatupa mufano. Danieli na wenzake katika Babeli walikubali kujaribiwa kwa siku kumi, wakila mboga na kunywa maji, kisha wakalinganishwa na vijana wengine. Lakini shauri lilitoka kwa Danieli mwenyewe, siku zilihesabiwa mbele, na majibu yalionekana na wote. Tunataka sawa vile.

Kwa hiyo, timu yoyote ikifika, tunaomba Bwana Prefe, pasta na wazee wa kanisa wasimame pamoja nasi juu ya maneno haya sita:

1. Kikao kiwe kabla ya sindano, si nyuma yake, na wanawake waseme pia.

2. Maelezo yatolewe kwa Kiswahili na kwa Kibemba, si kwa karatasi ya Kifaransa ya kutia mukono tu.

3. Anayekataa asikosee matunzo, asikosee pointi, asizarauliwe. Wale ambao hawajatimiza miaka 18, wazazi waulizwe, na wenyewe waulizwe pia.

4. Tuambiwe damu inaenda wapi, inakaa miaka ngapi, na wakitaka kuitumia kwa kazi nyingine warudi kuuliza.

5. Majibu ya kila mutu apewe yeye peke yake, ao wazazi wake. Majibu ya wote yasomwe mbele ya kijiji, bila majina.

6. Anayepatikana na ugonjwa aonyeshwe mahali pa kutunzwa. Kumwambia mutu «uko SS» na kumuacha barabarani ni ukatili.

Na sisi wanafunzi tuna sehemu yetu. Majina ya kuchekelea wenye SS yaishe leo katika bweni zote. Mwenzetu akiwa na maumivu, tumupe maji, tumufunike, tuite mulezi, na tumuandikie somo alilokosa. Wakati wa likizo kila mumoja achukue haragi zake aende kueleza nyumbani kwao. Wa klasi ya mwisho tunaondoka mwaka huu, wengi tutaoa na kuolewa. Ni heri kujua damu yako mapema kuliko kujulishwa na kilio cha mutoto.

Sisi makapita ndio tunaopanga mistari kila asubuhi. Mustari wa kuingia klasi, tutaendelea kuupanga. Lakini mustari wa kutolewa damu hatutaupanga mpaka kila mumoja aliye ndani yake ajue juu ya nini amesimama pale, na ajue pia kwamba anaweza kutoka.

Kapita wa wanafunzi, klasi ya mwisho