Mguu Usiohisi Cheche
Cheche ya chuma ikimwangukia kwenye kidole cha mguu fundi mwenye kisukari katika mabanda ya Jua Kali ya Kamukunji, Nairobi, jirani na Shauri Moyo, huenda asijue mpaka afike nyumbani, avue kiatu na kukuta soksi imeganda damu. Usiku mguu uleule huwaka kama umekanyaga makaa, hata shuka likiugusa unauma, na hilo ndilo linalowachanganya wengi. Neva zilizoharibiwa na sukari hunyamaza penye hatari, zikapiga kelele penye usalama. Sukari ikizidi huziumiza neva pamoja na vimishipa vya damu vinavyozilisha, kuanzia nyayoni, maana zinazofika huko ndizo ndefu zaidi. Tumaini linalotajwa sana ni seli shina, hasa za uboho. Watafiti wamezidunga kwenye misuli ya miguu ya panya wenye kisukari, zikatoa kemikali zinazochipuza vimishipa vipya na kulisha neva. Kwa binadamu majaribio bado ni machache na madogo, na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha tiba hiyo kwa maumivu haya. Kumuuzia mgonjwa tiba hiyo leo kama dawa iliyothibitishwa ni kumdhulumu. Kilichopo ni kudhibiti sukari, kutuliza maumivu kwa amitriptilini au pregabalini, na kupima miguu kwa uzi wa nailoni wa gramu 10: mhudumu huubonyeza unyayoni hadi upinde, mgonjwa akiwa amefumba macho, kisha humwuliza kama amehisi.