Mlima Usio na Kivuli

Wapo wachoraji wa ramani za nchi za hadithi ambao hujitetea kwa neno moja: nchi yenyewe haipo, basi nani atakayeuliza jua limetokea upande gani? Mimi nauliza, ndugu msomaji. Tena nasema kwamba nchi isiyokuwako ndiyo inayohitaji mwanga na kivuli vilivyo sawa kuliko Lamu au Mombasa. Ramani ya Lamu ikikosewa, mtu atapanda chombo akajionee mwenyewe. Nchi ya kubuni haina pa kwenda kuhakikisha; shahidi ni karatasi peke yake.

Chukua kisa tukijuacho, cha Sindbad katika Alfu Lela Ulela. Katika safari yake ya pili alijikuta ndani ya bonde la almasi, bonde la nyoka, lililozungukwa na majabali yasiyopandika. Wafanyabiashara husimama juu wakatupa mapande ya nyama, almasi zikanata humo, na ndege wakubwa wakayabeba hadi juu. Kisa chote kimesimama juu ya kina cha bonde lile. Sasa mchoraji alitie kivuli upande usio wake, na mara bonde litavimba liwe kilima. Mtoto atauliza: mbona Sindbad hakuteremka tu akaenda zake? Naye atakuwa na haki.

Sababu yake ni jicho letu, ambalo limezoea mwanga unaotoka juu. Kwa hiyo wachoraji wa ramani walishika desturi ya kuutoa mwanga pembe ya juu kushoto, yaani kaskazini-magharibi, kivuli kikaanguka chini kulia. Geuza hayo, na machoni pa wengi milima huwa mashimo. Ramani ya Uswisi iliyosimamiwa na Dufour, iliyotolewa baina ya mwaka 1845 na 1865, iliangazwa hivyo hivyo. Uswisi jua la adhuhuri halikai kaskazini hata siku moja, lakini hawakujali, walimjali msomaji. (Sisi wa Pwani tuna bahati, maana mwezi wa Juni jua letu hutua kaskazini kidogo ya magharibi. Uwongo wao kwetu una chembe ya ukweli.)

Lakini kuna mchoraji ajuaye upande wa mwanga akaharibu kwa wingi wa wino. Kila mlima kwake ni mweusi tititi, na majina ya miji yamezama humo kama nanga. Niliwanunulia wajukuu kitabu kimoja, jina lake nalisitiri, na ramani yake ilibidi niipeleke dirishani ndipo nisome jina la mto. Huo si ufundi hata kidogo.

Eduard Imhof, Mswisi aliyeishi tangu 1895 hadi 1986, alieleza jambo hili vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1965. Tofauti ya mwanga na kivuli iwe kali vileleni, kisha ififie kadiri nchi inavyoshuka, kama aonavyo mtu aliye angani: vilele viko karibu naye, nyanda ziko mbali chini ya ukungu. Faida yake ni kubwa kuliko uzuri. Miji, njia na mito iko bondeni, na huko ndiko majina yanakoandikwa. Kivuli kikiwa chepesi pale, herufi hupumua.

Wala mtu asiniambie kwamba haya yanataka rangi nyingi na karatasi ya bei. Ramani kubwa ya hadithi ya Tolkien, The Lord of the Rings, iliyochorwa na mwanawe Christopher na kutoka mwaka 1954, ilipigwa chapa kwa wino mweusi na mwekundu basi.

Kwa vijana wetu wanaochora vitabu vya watoto ninalo jaribio dogo. Ukimaliza kutia vivuli, ipindue ramani juu chini. Milima yote ikizama kwa pamoja, mwanga wako ni mmoja, endelea kuandika majina. Ikiwa mingine imezama na mingine imebaki imesimama, umeiwekea nchi yako majua mawili, chukua kifutio.