Uzee wa pikapu si kisingizio cha tela bila breki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu matela yasiyo na breki yanayovutwa na pikapu.

Wakati wa mavuno pikapu ndiyo tegemeo la vijiji vingi katika kufikisha mazao sokoni. Wenye magari hufunga tela nyuma ili safari moja ifanye kazi ya safari mbili. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba mwenye tela huongeza mbao za ubavuni ili magunia zaidi yaingie, lakini breki haongezi. Akiulizwa, hujibu kuwa pikapu yake ni ya zamani na haikutengenezewa mambo hayo.

Hebu tupige hesabu. Magunia 20 ya mahindi, kila moja kilo 100, ni tani 2, mbali na uzito wa tela lenyewe. Mzigo huo wote huzuiwa na breki za pikapu peke yake. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya kuusimamisha huongezeka mara nne. Katika miteremko kama ile ya Kitonga na Sekenke, breki hizo hupata moto na kupoteza nguvu, na tela huweza kulisukuma gari mpaka likapinda. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani huhesabu tela kuwa jepesi likiwa halizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Magunia 20 yamekipita mbali kipimo hicho.

Kisingizio cha uzee wa gari hakina msingi. Tela likiwekewa breki za umeme, pikapu huhitaji kisanduku kidogo cha kuziendesha, kinachofungwa chini ya dashibodi mahali ambapo mkono wa dereva unafika. Kina nyaya nne. Wa kwanza hutoka kwenye betri kupitia fyuzi. Wa pili ni wa ethi. Wa tatu huungwa kwenye swichi ya taa za breki, upande unaopata umeme pale tu pedali inapokanyagwa. Wa nne huenda nyuma hadi kwenye plagi ya tela. Dereva akikanyaga breki, umeme huziamsha sumaku zilizo katika magurudumu ya tela, na breki zake zikabana. Fundi mzuri wa umeme wa magari anaiweza kazi hii. Ila aangalie betri kwanza, kwa kuwa vifaa hivi kwa kawaida ni vya volti 12, na baadhi ya pikapu za zamani za dizeli ni za volti 24.

Baada ya kufunga, tela lipakiwe mzigo na kujaribiwa kwa mwendo mdogo, mahali tambarare pasipo na watu. Nguvu ya breki ipandishwe kidogo kidogo. Magurudumu ya tela yakianza kuserereka, ipunguzwe. Mzigo ukibadilika, ipimwe upya. Pia tela liwe na betri yake ndogo na swichi yenye kamba ya chuma iliyofungwa kwenye pikapu, ili likichomoka njiani lijifunge breki lenyewe.

Nawaomba wenye magari wasiihesabu gharama hii kuwa hasara. Askari wa usalama barabarani wakague na chini ya tela, si leseni na taa tu. Vyuo vya ufundi stadi viwafundishe vijana kazi hii. Na viongozi wa vijiji wakomeshe hima tabia ya watu, hasa watoto wa shule, kupanda juu ya magunia. Mahindi yakimwagika huzoleka, lakini roho ya mtoto haizoleki.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilolo, Iringa.