Msituambie ni tamaa

Mtu akitapeliwa kwa simu, hukumu inatoka kabla hajamaliza kueleza. "Tamaa zake." "Kumbe bado kuna watu wanatuma?" Jirani anasema hivyo, askari wa kaunta anasema hivyo, na shemeji aliyesoma ndiye anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwisho aliyeibiwa naye anaamini, anaona aibu, ananyamaza. Kampuni ya simu haina haja ya kujitetea, maana tumeshaitetea sisi.

Hebu tuisome meseji yenyewe. "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." Kila Mtanzania mwenye simu anaijua, tumeitania mpaka imechakaa. Lakini tamaa iko wapi humo? Hakuna bahati nasibu, hakuna faida iliyoahidiwa. Meseji hiyo inamnasa mtu wa aina moja: anayedaiwa na anayekusudia kulipa. Ni mpangaji aliyemwambia mwenye nyumba kwamba kodi ataiona Ijumaa. Asiyelipa madeni yake hawezi kuibiwa kwa meseji hiyo hata akitumiwa mara mia.

Ipo na ile ya "samahani mzee wangu, nimekosea namba, naomba unirudishie." Inatanguliwa na ujumbe bandia wa kupokea fedha, ulioandikwa kwa mpangilio uleule wa ujumbe halali. Mwenye tamaa angekaa kimya akale. Anayeibiwa ni yule aliyefundishwa kwao kwamba cha mtu kinarudishwa. Na mama anayepigiwa kwamba mwanawe ameanguka shuleni, amekimbizwa hospitali, daktari anataka hela ya kipimo sasa hivi, yeye ametamani nini?

Wa tamaa wapo. Wanaolipa kiingilio cha utajiri wa Freemason, wanaomtumia mganga nauli ya majini, sina machozi yao. Lakini kuwachukua hao na kuwafunikia wengine wote ni ujanja, na ujanja huo una mtu unayemfaa.

Tufuate hela. Mpangaji wetu akituma kodi kwa tapeli, kampuni inakata ada ya kutuma. Tapeli akienda kwa wakala, inakata ada ya kutoa. Wizi ukifanikiwa, kampuni imeingiza mara mbili. Na isituambie kwamba kufuatilia muamala mmoja mmoja ni kazi ngumu. Serikali ilipoleta tozo ya miamala Julai 2021, mitambo hiyohiyo ilimkata kila mtu, kila mara, bila kusahau hata bibi wa kijijini aliyetumiwa hela ya sabuni.

Tena laini ya tapeli ina jina. Mwaka 2019 tulipangwa foleni kusajili laini upya kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tuliambiwa tapeli hatakuwa na pa kujificha. Leo tapeli ana laini iliyosajiliwa kama yako na yangu. Kwa dole la nani?

Simama karibu na mwamvuli wa msajili wa laini, pale stendi. Mama amekuja kununua laini moja. Kijana anampa kifaa: "Bonyeza hapo, mama." Mama anabonyeza. "Haijasoma. Futa kidole kwenye kanga, bonyeza tena." Ilikuwa imesoma. Dole la pili limesajili laini ya pili, inayobaki mfukoni mwa kijana na kuuzwa jioni kwa anayeihitaji. Ujanja huu wa dole la pili si siri, wenye mitandao wanaujua. Kijana analipwa kwa idadi ya laini alizosajili, na kifaa alichoshika amepewa na kampuni au na mtu wa kampuni. Mama angeweza kubonyeza *106# akaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, lakini pale kwenye mwamvuli nani amwambie?

Taarifa za robo mwaka za TCRA zimekuwa zikitaja mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai, Rukwa na Morogoro zikiwa mbele. Anayeweza kuhesabu laini za kitapeli mkoa kwa mkoa anazijua laini hizo. Tunaombwa tutume namba za matapeli kwenda 15040, na mtume kweli, namba inafungwa. Hela hairudi.

Aliyeibiwa anayejaribu kuirudisha anakutana na mambo yake. Kampuni inamwambia alete barua ya polisi. Polisi wanampa RB na kumwambia wanasubiri taarifa kutoka kampuni. Wakati anavuka barabara kati ya ofisi hizo mbili, hela imeshatolewa kwa wakala.

Uingereza wamekataa mchezo huu. Tangu 7 Oktoba 2024, mtu akilaghaiwa akatuma fedha kwa mkono wake mwenyewe kwenye akaunti iliyoko nchini humo, anarudishiwa hadi pauni 85,000, kwa kawaida ndani ya siku tano za kazi. Nusu inatoka kwa taasisi iliyotuma, nusu kwa iliyopokea. Singapore, Desemba mwaka huohuo, ikaziingiza na kampuni za simu: kwenye wizi unaoanzia meseji za kilaghai, benki ikiwa imetimiza wajibu wake na kampuni ya simu haikutimiza wake, anayelipa ni kampuni ya simu.

Najua jibu la kampuni zetu: watu watazembea, wengine watajifanya wameibiwa. Waingereza waliliona hilo. Aliyezembea kupita kiasi anaweza kunyimwa, na taasisi inaruhusiwa kumkata mdai hadi pauni 100. Uzembe ninaouogopa mimi ni ule wa kampuni isiyopoteza hata senti laini yake ikitumika kuiba. Siku itakayolipa nusu ya hasara, kijana wa mwamvuli atajulikana kwa jina ndani ya wiki, na hela iliyolalamikiwa itazuiwa kabla haijafika kwa wakala.

Benki Kuu inasimamia huduma za fedha za simu, TCRA inasimamia laini. Zikae meza moja ziandike kanuni ya kurudisha fedha. Na kampuni zisisubiri kanuni ili zianze na dogo: ziwarudishie walioibiwa ile ada ziliyowakata.